Sauti Isiyokuwamo Kifurushini

Masikio alipewa jina hilo na shangazi yake akiwa na miaka sita, wala si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa madogo hayakuwa. Alikuwa mtoto wa kike ambaye, akiwa kajilaza chumbani na macho kayafumba, angekwambia ni nani kaingia mlango wa mbele na kama kaja na habari njema au mbaya. Alipokua na kuanza kazi ya kutengeneza muziki kwa kompyuta, jina likawa tangazo la biashara. Watu wa redio walimletea vipindi vyao awasikilizie kasoro, na kasoro hakuziacha. Ilisemwa kwamba sisimizi akipiga chafya, Masikio ndiye wa kwanza kumpa pole. Ndiyo maana jambo lililomtokea lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu wa kawaida.

Studio yake ilikuwa chumba kilichokuwa stoo zamani, nyuma ya sebule. Aliegemeza magodoro yaliyochoka ukutani ili sauti isirukeruke, akayafunika kwa vipande vya vitambaa alivyopewa na shangazi, hivyo ukuta mzima ulionekana kama umevaa nguo za kuazima. Sebuleni ndiko shangazi alikoshonea. Kulikuwa na meza ya kukatia, pasi, rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo, na karibu na dirisha, cherehani ya miguu aliyoikuta kwa mama yake. Shangazi alimlea Masikio tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alimlea kwa cherehani hiyo hiyo. Kati ya ushonaji wa mmoja na muziki wa mwingine palikuwa na ukuta mwembamba na mlango usiofungika sawasawa.

Kwa miaka saba Masikio alitengeneza muziki wa matangazo ya sabuni, na ule muziki wa kukupumbaza unaposubiri ofisi fulani ipokee simu. Ni kazi halali, haina aibu, lakini hakuna mtu aliyewahi kusubiri simu akauliza, jamani, muziki huu kautunga nani? Muziki wa filamu hakuwahi kupewa hata siku moja. Kisha akajitokeza mwongozaji mmoja, bwana mwembamba asiyevua kofia yake ya sufu hata jua liwe kali vipi. Alikuwa anatengeneza filamu ya vikaragosi kuhusu mzee mtengeneza saa, katika mji wa milimani wa Ulaya ya zamani, theluji mpaka madirishani. Alimwomba Masikio atunge muziki wa tukio la kwanza tu, pale mzee anapofungua duka lake asubuhi. Mtunzi mwingine, msomi mwenye vyeti vya kupamba ukuta mzima, alikuwa ameombwa vilevile, na atakayempendeza mwongozaji angepewa filamu yote. Masikio aliitaka kazi ile mpaka akawa anaiota.

Sharti la mwongozaji lilikuwa moja. "Sitaki kompyuta inayojifanya fidla," alisema. "Nataka ala zenyewe za kale. Zile zinazonuka mbao."

Sasa, ala hizo mtaani kwao hazikuwapo, wala wapigaji wake. Lakini siku hizi wapo watu huko huko Ulaya wanaomkalisha mpigaji mbele ya maikrofoni, wakarekodi kila noti anayoijua, kwa nguvu na kwa upole, kisha wakazifunga zote katika kifurushi kimoja cha sampuli. Ukikipakua kwenye kompyuta yako, unaicheza ala ile kwa vidole vyako ukiwa nyumbani na ndala zako miguuni. Tatizo ni kwamba vifurushi vyenyewe ni utitiri, na kila kimoja kinajisifu kwamba ndicho.

Masikio alitumia wiki nzima kuchagua. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza hakusikiliza kamwe wimbo wa maonyesho uliokuja na kifurushi, maana wimbo huo ni kama picha ya posa, hautoki na kasoro. Alibonyeza noti moja, akaiacha mpaka ife, ili asikie inavyokufa. Kifurushi cha uongo hukata roho ghafla. Kisha alibonyeza noti ile ile mara nane haraka haraka. Kama zote nane zilifanana kama matofali, alijua mrekodi alikuwa mvivu, akakifuta. Mwisho alitafuta makosa: pumzi ya mpigaji, ukucha kwenye uzi, kiti kinacholia. Palipo na makosa pana mtu.

Akakuta zumari la mfuko lisilojua kunyamaza, kama jirani mwenye malalamiko. Akakuta kodiani iliyorekodiwa kwa usafi mno, ikatoa sauti ya zahanati. Akakuta fidla yenye vifungo vya kubonyeza ambayo jina lake hakuwahi kulitamka mara mbili kwa namna moja, nayo akaipenda siku ileile. Kilichomsumbua zaidi ni kinanda cha gurudumu, ala ambayo unazungusha mpini, gurudumu linasugua nyuzi, nazo zinalia kwa pamoja. Vifurushi vya kinanda hicho alivijaribu kumi na moja. Hiki kizito, hiki chembamba, hiki kina mwangwi wa kanisa. Shangazi, aliyekuwa anasikia yote kupitia ukuta, alipaza sauti bila kuinua macho kwenye mshono.

"Mchagua nazi hupata koroma, mwanangu."

Masikio akacheka, akachagua cha saba.

Kabla ya kupanga ala zake alifanya anavyofanya siku zote: aliwasha maikrofoni akauimba wimbo wake kwa pua, mwanzo hadi mwisho, usije ukamponyoka. Huo ndio uliokuwa mwongozo, nao ulikaa kwenye njia yake ndani ya kompyuta, maana huko kila sauti ina njia yake. Juu yake akazipanga ala moja moja, huku akiushusha mwongozo chini kidogo kidogo, mpaka uimbaji wake ukazama chini ya fidla na kinanda. Kilichobaki kilikuwa kuuzima kabisa. Siku ya kutuma ilipofika alikuwa na furaha na haraka, na hivyo viwili havikai pamoja. Alituma, akalala mchana kama mtoto.

Jumamosi ile akafanya jambo la upendo. Alimletea shangazi cherehani ya umeme, mpya, nyeupe, isiyotoa sauti zaidi ya mbu. Magoti ya shangazi yangepumzika, nayo studio ya Masikio ingepata utulivu, kwa hiyo kila mtu angefaidika. Ile ya zamani ilitakiwa na fundi mwenzake shangazi wa mtaa wa pili, bwana aliyeitwa Suti kwa sababu hakushona kitu kingine wala kuvaa kitu kingine. Suti alikuja na mkokoteni. Shangazi alipitisha kiganja juu ya mbao za mashine mara moja, kama mtu anayefuta vumbi, akasema, "Haya." Mtu mwenye masikio yale angepaswa kuisikia hiyo haya. Hakuisikia, alikuwa anasoma maelekezo ya mashine mpya.

Tangu siku hiyo usingizi wa mchana ukamkimbia Masikio. Akailaumu kahawa.

Jumatatu mwongozaji akapiga simu. Alisema muziki wa msomi ulikuwa mzuri sana, na moyo wa Masikio ukashuka mpaka kwenye ndala. Lakini wa Masikio, akaendelea, ulikuwa na kitu. Ile ala inayogonga chini kwa chini, inayochechemea, taka-taka-tak, taka-taka-tak, ndiyo roho ya yule mzee wake. Ukiisikia unamwona anavyotembea dukani. Alitaka tukio lote lijengwe juu ya ala hiyo, waziwazi, na wimbo usiguswe. Alhamisi angekuja mwenyewe kuusikiliza. Ukiwa vile anavyofikiri, filamu ni ya Masikio.

"Inaitwaje hiyo ala, dada?" aliuliza.

Masikio alisema atamwandikia, maana hakuwa na habari hata kidogo anazungumziwa kitu gani.

Akakaa mbele ya kompyuta. Alidhani ni mpini wa kinanda cha gurudumu. Akakifungua kifurushi cha saba, akasikiliza sampuli moja moja, hakuna. Akarudia vyote kumi na moja, kisha fidla, kisha zumari. Alifungua hata kodiani ya zahanati. Mwisho akafanya kile ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza angeanza nacho: akauchukua muziki wake na kuzima njia moja baada ya nyingine. Akazima fidla, taka-taka-tak ikabaki. Akazima zumari, ikabaki. Akazima kinanda chenyewe, nayo ikabaki, peke yake sasa, na nyuma yake kwa mbali mtu anaimba kwa pua. Alikuwa yeye. Aliponyanyua mkono na kuuzima mwongozo aliousahau, pakawa kimya.

Akapigwa na butwaa. Ilikuwa cherehani ya shangazi. Ilikuwa imepenya ukuta na mlango usiofungika, ikaingia kwenye maikrofoni wakati anaimba, na siku zote alizokuwa anausikiliza muziki wake, mashine ile ilikuwa inatoka kwenye spika na ukutani kwa pamoja. Mwongozaji aliisikia mara ya kwanza tu. Masikio, anayewapa sisimizi pole, hakuisikia kabisa. Aliona aibu.

Kama angekuwa mtu wa kuficha, angejaribu kuficha, na ukweli ni kwamba alijaribu. Jumanne nzima alitafuta kitu cha kufanana nayo. Akagonga vijiko, akagonga kalamu mezani, akapakua kifurushi chote cha saa za kale. Akarekodi na ile mashine mpya ya umeme, ikamlilia nziiiii sikioni. Vipande vilivyokuwa kwenye mwongozo navyo vilikuwa vifupi, vimechanganyika na pua yake. Alipomtumia mwongozaji mfano wa vijiko na saa, jibu lilikuja kwa neno moja: siyo.

Jumatano asubuhi alikwenda sebuleni. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya mashine nyeupe na mikono mapajani, akiitazama kama mgeni aliyekuja bila kusema atakaa siku ngapi. Masikio akamweleza yote, toka kofia ya sufu mpaka vijiko. Alitarajia kuchekwa. Shangazi hakucheka mara moja, aliuliza kwanza.

"Kwa hiyo miaka yote ulikuwa huisikii?"

"Sikuisikia, Shangazi."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema shangazi, akavaa viatu. "Twende kwa Suti."

Suti hakuwa mtu mgumu. Aliwaonyesha mashine yao kwa majivuno, karibu na dirisha la duka lake, imepakwa mafuta hadi inang'aa. Alikubali waiazime, hata waichukue kabisa kama wameona wamekosea. Masikio akamwomba aiendeshe kidogo. Suti akakanyaga pedali, nayo mashine ikateleza kama maji, laini, sawasawa, bila kuchechemea hata chembe. Masikio akauliza ameifanya nini.

Alikuwa amebadilisha mkanda, Suti akaeleza, na akaeleza kwa furaha. Ule wa zamani ulikuwa wa aibu. Ngozi imekatika, ikaungwa kwa waya, na kila waya ulipopita kwenye gurudumu, mashine inaruka. Hakuelewa fundi wa sifa za shangazi aliwezaje kuuvumilia. Shangazi akamwambia kwamba mkanda ulikatika Masikio akiwa bado wa kubebwa mgongoni, katikati ya sare za shule nzima, akauunga kwa waya wa hanga ili amalize. Baadaye akazoea, na mkono wake ukajifunza kuusubiri ule mruko. Kisha akauliza uko wapi.

Ulikuwa umefunga mlango wa kabati. Suti haachi kitu kipotee. Kabati lake halikuwa na kitasa, na mkanda ule ulilitosha barabara. Shangazi aliufungua yeye mwenyewe, majora ya kitambaa cha suti yakamwangukia miguuni, akayaruka bila kuomba radhi. Akapiga goti sakafuni, magoti yaleyale yaliyotakiwa kupumzika, akautoa mkanda mpya na kuurudisha wa zamani, waya juu. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Taka-taka-tak. Masikio akageukia dirishani, kwa kuwa machozi yalimtoka na hakutaka Suti ayashone kwenye mazungumzo ya mtaa.

Jioni ile mashine ilikuwa imerudi mahali pake, na Masikio akampigia mwongozaji simu kusema ukweli. Alisema haikuwa ala, haikuwa kifurushi, ni cherehani ya shangazi yake na uzembe wake mwenyewe wa kusahau kuzima njia moja. Alisema kama sharti la ala za kale za Ulaya limevunjika, atalielewa hilo. Shangazi, aliyekuwa ameinama kuifuta mashine, akanyoosha mkono aletewe simu.

"Mwanangu," alimwambia mwongozaji, "hapa mbele yangu pana kibati cha shaba, kimeandikwa kwa lugha ya huko huko Ulaya, na mashine hii ina miaka mingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Inanuka mbao, na mafuta juu. Huyu kahangaika wiki nzima anatafuta ala ya kale ya Ulaya kwenye kompyuta, na mimi nilikuwa nimeikalia mlangoni kwake. Sasa kama hii si ala, njoo kesho uniambie usoni ni nini."

Mwongozaji alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alisema anakuja.

Alifika Alhamisi mchana, kofia kichwani, akakaribishwa kwenye stuli kati ya rundo la sare. Masikio alisimamisha maikrofoni mbili, moja chini karibu na pedali, nyingine juu karibu na gurudumu. Akampa mwongozaji vipokea sauti, mwenyewe akavaa vingine, akamwashiria shangazi kwa kidole. Shangazi akakanyaga. Mambo yakaharibika papo hapo. Mguu uliokanyaga pedali ile miaka arobaini sasa ulikanyaga kama unapita juu ya miiba. Taka. Taka-tak. Taka. Wakarudia mara tatu, mara nne. Mwongozaji akaanza kutazama viatu vyake, na Masikio akaiona filamu inaondoka na kofia ya sufu.

"Siwezi hivi," alisema shangazi. "Hamna kitambaa, hamna mtu wa kuvaa. Mguu hauelewi unakwenda wapi."

Masikio akasema basi wachukue sare, ashone kweli. Shangazi akatikisa kichwa. Ule wimbo haukuwa wa kushonea, aliusikia mwenyewe, ni wa taratibu zaidi. Akauchezesha mkono kwenye gurudumu.

"Bila kitambaa nimewahi kuiendesha kwa sababu moja tu," alisema. "Ulikuwa hulali. Nikiimba hulali, nikikubeba hulali. Nikatoa uzi, nikatoa sindano, nikawa nakanyaga hivihivi mpaka uende. Nikisimama tu, macho haya hapa." Akamtazama. "Huo wimbo ulioimba kwa pua unakwenda na mashine kwa sababu ndipo ulipoutoa. Usidhani umetunga peke yako."

Masikio alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ana kazi yake, ana mgeni wa heshima ndani ya nyumba. Akazivuta sare za shule akazitandaza chini ya meza ya kukatia, pale pale alipokuwa akilazwa, akajilaza juu yake na vipokea sauti masikioni. Akafumba macho. "Nilikuwa nimeacha kukusikia, Shangazi," alisema. "Sasa nakusikia."

Shangazi akachomoa sindano, akatoa uzi, akakanyaga. Safari hii mguu ulijua njia. Taka-taka-tak, taka-taka-tak, polepole, ikichechemea kama mzee anayefungua duka lake asubuhi na hana haraka na mtu. Mwongozaji alikaa wima. Baada ya dakika chache alivua kofia, jambo ambalo waliomjua wasingeliamini, akaiweka gotini na kusikiliza hivyo kwa muda mrefu. Taa nyekundu ya kurekodi iliendelea kuwaka. Chini ya meza, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, mtu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kidogo.

Mwongozaji akainama sikioni kwa shangazi, akanong'ona kwamba inatosha, sasa anacho anachokitaka, na filamu ni ya binti huyu. Akamwomba amwamshe ili ampe mkono.

Shangazi hakuondoa mguu kwenye pedali.

"Utamwambia akiamka," alisema. "Kaa, kuna chai kwenye chupa. Nikisimama sasa hivi ataamka."